Kupunguza mwili bila kupasuliwa: maswali mnayoniuliza kila siku

Mi ni afisa lishe, nipo Dar, na kila siku ya kliniki nakutana na watu wazima wanaosumbuliwa na unene, wengine wametumwa na daktari wa presha, wengine wamekuja wenyewe baada ya magoti kugoma. Na mimi mwenyewe nimewahi kufika kilo 99, kwaiyo nayajua haya kwa kusoma na kwa kuyaishi. Maswali yanafanana sana nikaona niyaandike yote sehemu moja. Ya upasuaji sijayagusa.

Dada, nitajuaje kama huu ni unene au ndo mwili wetu wa kifamilia?

Inawezekana vyote viwili vikawa kweli. Mwili wa kurithi upo, kuna koo watu wanazaliwa na njaa kubwa kuliko wengine na miili yao inatunza mafuta haraka, ila kurithi hakuzuii presha kupanda.

Kipimo cha kwanza ni BMI, unachukua kilo zako unagawa kwa urefu wako wa mita uliozidishwa wenyewe kwa wenyewe. Mfano una kilo 92 na urefu mita 1.62, unazidisha 1.62 kwa 1.62 unapata 2.62, halafu 92 gawanya kwa 2.62 inakuja 35. Kuanzia 25 ni uzito uliozidi, kuanzia 30 ndo tunasema unene wenyewe. BMI haijui misuli na mafuta, mbeba mizigo wa sokoni mwenye misuli anaweza kuonekana mnene kwenye karatasi wakati yuko fiti, na mjamzito hatumii kabisa hiyo hesabu.

Ndo maana mi naipenda zaidi futi ya fundi cherehani. Pima kiuno katikati ya ubavu wa mwisho na juu ya mfupa wa nyonga, toa pumzi kawaida, usivute tumbo ndani. Mwanamke akizidi sentimita 80 na mwanaume akizidi 94 hatari imeanza, 88 na 102 ni kubwa zaidi. Njia rahisi kuliko zote, kiuno kisizidi nusu ya urefu wako, kwaiyo huyo wa sentimita 162 asivuke 81. Mafuta ya tumboni yanayozunguka ini na utumbo ndo yanaleta sukari na presha, mafuta ya mapaja na makalio hayana shida kubwa kiasi hicho. Kuna watu wanalia kwa sababu ya mapaja wakati kiuno chao kipo salama kabisa.

Sijisikii kuumwa popote, kwanini niambiwe ni ugonjwa?

Kwasababu vitu vyake vinakuja kimya kimya. Presha haina dalili kwa miaka, sukari inaweza kukaa mwilini muda mrefu hujui, mafuta kwenye ini hayaumi. Unachokiona wewe ni kukoroma sana usiku, kusinzia mchana, magoti kuuma ukipanda ngazi, hedhi kuvurugika, mimba kuchelewa. Kuna na saratani, kwenye 2016 shirika la utafiti wa saratani la WHO lilitaja aina 13 zinazohusiana na unene, ikiwemo ya matiti baada ya hedhi kukoma, ya mji wa mimba na ya utumbo mpana. WHO hao hao wanasema mwaka 2022 mtu 1 kati ya 8 duniani alikuwa anaishi na unene.

Na tuseme ukweli wa kwetu. Hapa mwanamke akinenepa baada ya kuolewa wanasema ametunzwa, mwanaume akitoka kitambi wanasema mambo yake yamekaa vizuri. Akipungua ghafla mtaa unaanza kunong'ona, ana ngoma huyo, au mume anamtesa. Nimekuwa na wateja walioacha kila kitu wakati wanaendelea vizuri kwasababu ya hayo maneno tu. Kwaiyo kabla hujaanza waambie watu wako wa karibu wawili watatu unachokifanya, mama mkwe akiwemo kama unakaa naye, ili wakati shavu limeanza kupungua usiwe unajieleza kwa kila mtu.

Natakiwa nipungue kilo ngapi? Nataka nirudi kilo nilizokuwa nazo form four.

Hapana, form four weka pembeni kwanza. Anza na asilimia 5 mpaka 10 ya uzito ulionao leo. Wa kilo 92 maana yake kilo 5 mpaka 9. Unaweza ukaona ni kidogo lakini hapo presha inaanza kushuka, sukari inashuka, mafuta ya damu yanakaa sawa, kukoroma kunapungua.

Marekani walifanya utafiti mkubwa wa watu zaidi ya 3,200 ambao sukari zao zilikuwa zinaelekea kuwa kisukari, matokeo yalitoka 2002. Kundi moja walilengwa kupungua asilimia 7 tu na kutembea dakika 150 kwa wiki, na hatari ya kupata kisukari ikashuka kwa asilimia 58. Kundi la vidonge vya metformini, dawa ya sukari, ilishuka asilimia 31. Kwaiyo mtu akikudharau umepungua kilo 6 tu mwaka mzima we kaa kimya endelea.

Mwendo mzuri ni nusu kilo mpaka kilo moja kwa wiki. Wiki ya kwanza unaweza kupungua kilo tatu, nyingi ni maji, usishtuke zikigoma wiki ya tatu.

Niache ugali?

Hili ndo swali namba moja. Jibu ni hapana, na wali hapana, na ndizi hapana. Mnaachishwa ugali mnakaa siku tisa, siku ya kumi unaamka usiku unakula wa kaka.

Angalia sahani. Nusu yake iwe mboga mboga, mchicha, matembele, kisamvu, bamia, kabichi, nyanya chungu, chochote cha sokoni. Robo iwe wanga, ugali au wali au kiazi kitamu au muhogo wa kuchemsha. Robo nyingine maharage, choroko, dagaa, samaki, kuku, yai. Sisi tumezoea kinyume, mlima wa wali halafu mboga kijiko kimoja pembeni kama pambo. Kikombe kimoja cha wali ulioiva kina kalori kama 200, siku moja pima sahani yako ya kawaida ina vikombe vingapi, usijidanganye, jaza vikombe kweli. Dona ni bora kuliko sembe kwasababu ya pumba, inakushikilia muda mrefu, lakini dona ukila tonge la ukubwa wa kichwa bado umekula nyingi.

Sasa kinachotumaliza kabisa ni mafuta ya kupikia na karibu hakuna anayeyahesabu. Kuna mama mmoja wa Mbagala alikuja kwangu analalamika anakula kidogo na hapungui, nikamuamini, kweli alikuwa anakula kidogo. Nikaenda kwake siku ya Jumamosi. Nikamwambia mama, mimina mafuta kwenye sufuria kama unavyomimina siku zote ukipika mboga, usiwashe jiko. Akamimina kutoka kwenye dumu la lita tano, chwaa, mkono wenyewe umeshazoea. Halafu tukachukua kijiko cha chakula tukaanza kuyarudisha kwenye kikombe tunahesabu na watoto wake wamesimama pale. Vijiko 11. Kijiko kimoja cha mafuta ni kalori kama 120, kwaiyo hapo ni zaidi ya 1,300 kwenye sufuria moja ya mchicha, wanakula watu watano, kila mmoja amekula kalori kama 260 za mafuta kabla hujahesabu ugali wenyewe. Ni zaidi ya soda ya nusu lita. Na jioni anapika tena.

Hatukubadilisha kingine chochote mwezi wa kwanza. Vijiko vitatu kwa sufuria, kitunguu na nyanya vinaiva kwa maji kidogo, mfuniko juu. Watoto walinuna siku mbili tatu. Kwa miezi minne alipungua kilo 5 na mume wake akapungua hata hakuulizwa.

Tui la nazi nalo ni mafuta, watu wa pwani mnisamehe, tumieni tui jepesi, na isiwe kila chakula. Parachichi ni zuri lakini nusu inatosha. Chapati inabeba mafuta kwenye unga na kwenye chuma, moja ukiwa na maharage na mboga ni chakula, tatu na chai ya maziwa ni kitu kingine. Chipsi zege acha iwe ya siku moja moja, sio kila ukishuka kwenye daladala.

Mi nakula kwa mama ntilie mchana, sina namna.

Namna ipo. Mwambie dada nipunguzie wali niongezee mboga na maharage, wengi hawakatai tena wanafurahi maana wali ndo ghali. Chukua samaki wa mchuzi au nyama ya mchuzi kuliko ya kukaanga, mchuzi usimwage wote juu ya wali. Tunda mwisho. Maji, sio soda. Basi.

Soda naacha, lakini juisi si ni matunda?

Soda ya nusu lita ina sukari kama gramu 53, ni vijiko vya chai 13. Hamna mtu angeweka vijiko 13 kwenye kikombe. Juisi ya kwenye blenda machungwa manne yanaingia kwenye glasi moja halafu na sukari inaongezwa, unakunywa dakika mbili, tumbo halijui kama limekula. Machungwa manne ungeyala mazima ungeishia kwenye la pili. Kwaiyo kula tunda, kunywa maji.

Na chai. Vijiko vitatu kikombe, vikombe vinne kwa siku, hapo ni 12, umeshakaribia hiyo soda wakati unaamini hutumii sukari. Punguza nusu kijiko kila wiki, ulimi unazoea. Enaji za kwenye kopo weka kwenye kundi la soda.

Bia ya nusu lita ni kalori kama 200, na nne za Ijumaa zinakuja na nyama choma na ndizi za kukaanga maana pombe inaleta njaa. Sikatazi, mbili badala ya nne, kula nyumbani kabla hujatoka.

Keto (kukata wanga karibu wote), kufunga masaa 16, kula mlo mmoja, ipi inafanya kazi?

Zote zinafanya kazi kwa anayeziweza, na zote zinagoma kwa asiyeziweza. Mwaka 2018 watafiti wa Stanford waliweka watu 609 makundi mawili, wengine wapunguze mafuta wengine wapunguze wanga, mwaka mzima, mwishoni wakapungua karibu sawa, kilo 5.3 na kilo 6. Ndani ya kila kundi kuna waliopungua sana na kuna walioongezeka. Kwaiyo uliza hivi, ipi mi naweza kuishi nayo mpaka wajukuu?

Kufunga masaa kadhaa kunasaidia watu ambao shida yao ni kula kula usiku. Ila haikupi ruhusa ya kujaza masaa yako ya kula na maandazi. Ramadhani watu wengi wananenepa na hawajala mchana, kwasababu ya kaimati, vitumbua, sambusa, tambi za sukari na uji mtamu. Futuru kwa tende na maji na supu, kaswali, ndo uje kwenye chakula.

Hapa nisikilize vizuri. Kama unachoma insulini au unameza vidonge vya sukari kama glibenklamidi au gliklazidi, usianze kufunga wala kukata wanga bila daktari kupunguza dozi, sukari inaweza kushuka ukazimia, na kuna watu wanakufa hivyo. Mjamzito, anayenyonyesha, mtu aliyewahi kuwa na tatizo la kujitapisha, hapana.

Kweli kisukari kinaweza kurudi nyuma kwa kupungua?

Kile cha aina ya pili, hasa kama hakijazidi miaka sita, ndio inawezekana. Uingereza walifanya utafiti unaitwa DiRECT, matokeo ya kwanza yakatoka 2017, watu walikula vinywaji maalum vya lishe vya kalori kama 850 kwa siku miezi mitatu mpaka mitano wakiwa wanasimamiwa, halafu wakarudishwa kwenye chakula taratibu. Baada ya mwaka asilimia 46 sukari zao zilikaa sawa bila dawa. Kwa waliopungua kilo 15 kwenda juu, waliokaa sawa hivyo walikuwa asilimia 86. Walisimamiwa na dawa zao zikapangwa upya siku ya kwanza, kwaiyo sio jambo la kujitengenezea uji mwepesi nyumbani ukajiita umo kwenye utafiti.

Mazoezi ya kitambi ni yapi?

Ya kitambi peke yake hayapo. Unaweza kupiga sit-apu 200 kila siku misuli ya ndani ikakomaa, mafuta ya juu yakabaki pale pale. Mwili unachukua mafuta unapotaka wenyewe.

Lenga dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa kasi, kasi ya kwamba unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Shuka kituo kimoja kabla, asubuhi na jioni. Mara mbili kwa wiki fanya kitu cha nguvu, kuchuchumaa na kusimama ukishika kiti, kusukuma ukuta, kubeba ndoo za maji, kwasababu mtu akipungua bila kutumia misuli anapoteza na misuli. Jimu ni nzuri ukiwa na hela, sio lazima.

Na nisikupe matumaini ya uongo, mazoezi peke yake yanapunguza uzito kidogo. Nusu saa ya kutembea kwa mtu wa kilo 90 ni kalori 150 hivi, andazi moja linaweza kuzirudisha zote na zaidi. Lakini mazoezi yanashusha presha na sukari hata kilo zisiposogea, na yanasaidia sana uzito usirudi. Wakina mama wanaoona aibu kukimbia mtaani, tafuteni wenzenu watatu, mtembee pamoja kumekucha, sio gizani. Mwenye magoti mabovu anza dakika kumi mara tatu kwa siku.

Limau na maji ya moto, siki, tangawizi, chai za kupunguza kitambi?

Limau halichomi mafuta. Maji ya moto hayayeyushi mafuta, mwili una nyuzi 37 muda wote. Kama glasi ya maji yenye limau imechukua nafasi ya chai ya sukari na andazi, umepungua kwa hicho ulichoacha.

Hizi chai na vidonge vya mitandaoni naomba sana tusikilizane. Nyingi zina mmea unaoitwa senna, ni majani ya kuharisha, unapungua maji na chumvi za mwili, mafuta yapo. Nyingine zimeandikwa ni mitishamba mitupu lakini ndani, kama ilivyokutwa mara nyingi kwenye nchi mbali mbali, zimewekwa sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwasababu iliongeza mshtuko wa moyo na kiharusi. Nilipata mteja, dada wa miaka 34, alikuja moyo unamdunda mpaka ukiangalia shingo unaona, halali usiku wa nne, alikuwa anameza vidonge alivyoletewa na bodaboda kwenye kopo lisilo na jina la kiwanda. Alipona. Lakini nilimshika mkono muda wote tunasubiri kipimo cha moyo na mpaka leo nikiona matangazo yale roho inaniuma.

Mikanda ya kubana tumbo na kujifunga nailoni kukimbia nayo, unatoa jasho tu.

Sindano za kupunguza mwili je, zile Ozempic?

Hizi ni dawa za kweli na sio dhambi kuzitumia. Ozempic na Wegovy ndani ni semaglutaidi, Mounjaro ni tirzepataidi. Zinaiga homoni za utumbo zinazouambia ubongo nimeshiba, na chakula kinakaa zaidi tumboni. Kwenye utafiti wa 2021 waliotumia semaglutaidi wiki 68 walipungua wastani wa asilimia 15 hivi, na kwenye utafiti mwingine wa 2022 tirzepataidi dozi kubwa kwa wiki 72 kama asilimia 21. Vidonge na sindano za zamani hazikuwahi kufika hapo.

Madhara yake ni kichefuchefu, kutapika, kuharisha au kukosa choo, hasa ukipandisha dozi haraka. Mara chache mawe kwenye nyongo na kongosho kuvimba, maumivu makali ya tumbo yasiyoisha yanayopiga mgongoni unaenda hospitali siku hiyo hiyo. Hazifai kwa mjamzito wala anayetafuta mimba, semaglutaidi inaachwa angalau miezi miwili kabla. Anayetumia vidonge vya uzazi na kaanza tirzepataidi atumie kondomu wiki nne za mwanzo na kila dozi inapopanda maana vidonge vinaweza visifanye kazi vizuri. Kwenye ukoo wenu kukiwa na saratani ya tezi la shingo ile aina ya medula, mwambie daktari.

Kingine ni kwamba ukiacha uzito unarudi. Walioacha semaglutaidi, ndani ya mwaka wakarudisha theluthi mbili ya walichopunguza. Kwaiyo ni kama dawa ya presha, ya muda mrefu, piga hesabu ya mfuko wako kabla, na ukishindwa kumudu usione umeshindwa maisha. Na feki zipo, Juni 2024 WHO ilitoa tahadhari ya semaglutaidi bandia. Sindano inayotakiwa kukaa kwenye friji halafu inakuja na basi ndani ya mfuko wa plastiki kwenye jua la Dar, usijichome.

Kuna na vidonge vya orlistati vinavyozuia mafuta ya chakula kuingia mwilini, vinapunguza kilo chache, ukila chakula cha mafuta choo kinatoka cha mafuta na hakisubiri. Metformini inapunguza kidogo sana, ni dawa ya sukari zaidi.

Puto la tumboni ni upasuaji?

Sio upasuaji, linaingizwa kwa mpira kupitia mdomoni likiwa tupu, linajazwa ndani ya tumbo, linakaa kama miezi sita halafu linatolewa, hospitali ya Mloganzila hapa Dar wanafanya. Siku za kwanza kichefuchefu kikali. Kama hujajifunza kula wakati lipo, likitoka utarudi ulipokuwa.

Dawa ninazotumia zinaweza kuwa zinaninenepesha?

Ndio, na hili haliulizwi inavyotakiwa. Sindano ya uzazi ya miezi mitatu kwa baadhi ya wanawake, predinisoloni (dawa za steroidi) za muda mrefu, insulini, glibenklamidi, baadhi ya dawa za afya ya akili kama olanzapini, amitriptilini. Na kwa ndugu zangu wanaotumia ARV, dolutegraviri inaongeza uzito kwa baadhi, Afrika Kusini utafiti wa 2019 ulionesha hivyo na wanawake waliongezeka zaidi.

USIACHE ARV. Naandika kwa herufi kubwa makusudi. Usiache dawa ya akili wala predinisoloni ghafla. Nenda useme nimeongezeka kilo kadhaa tangu nianze hii, tufanyeje.

Nilipungua kilo 12, zimerudi zote na tatu za juu. Nina uzembe gani?

Huna uzembe. Ngoja nikuambie yangu. Nilipokuwa na kilo 97 nilikaa mbele ya daktari, hata kichwa hakuinua, akaandika punguza mwili, akaita mwingine. Nikaenda nikajifungia na kabichi na mayai miezi mitatu nikafika 81, watu wakapiga makofi, mwaka mmoja mbele nikawa 99. Nikajichukia sana. Kumbe mwili ulikuwa unafanya kazi yake. Ukipungua homoni ya njaa inapanda, ya shibe inashuka, na mwili unaanza kutumia kalori chache kuliko mtu mwingine wa uzito huo huo ambaye hajawahi kuwa mnene. Kevin Hall na wenzake wa Marekani waliwafuatilia washiriki 14 wa shindano la televisheni la kupunguza uzito, miaka sita baadae, 2016, wakakuta bado miili yao inatumia kalori kama 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa. Miaka sita!

Mara ya pili nilishuka polepole, miaka miwili, mpaka 83, na nimekaa hapo hapo kwa miaka mitano sasa. Vilivyonisaidia ni kupima uzito mara moja kwa wiki, Jumatatu kabla ya chai, ukiongezeka kilo mbili nashughulikia wiki hiyo hiyo na sio baada ya kumi, kutembea karibu saa moja siku nyingi, na kula protini asubuhi, yai au maharage yaliyobaki jana, ili saa nne isinikute kwenye vitumbua. Ninavaa nguo saizi ya kati na BMI yangu bado iko juu ya 25, na presha yangu iko sawa bila kidonge.

Usingizi unahusiana vipi?

Ukilala masaa manne matano njaa ya kesho inaongezeka na hutaki mchicha, unataka sukari na mafuta. Na kama unakoroma mpaka pumzi inakatika na mchana unasinzia, sema hospitali, dereva hasa.

Mume na watoto hawataki kula "chakula cha mgonjwa".

Usipike sufuria mbili, utachoka wiki ya pili. Pika moja ya mafuta vijiko vitatu, weka kitunguu saumu, pilipili hoho, limau, karoti, wao waongeze wali, wewe ongeza mboga. Kaka zangu mnaosoma hapa, mke akianza hii safari usimletee chipsi kuku saa tatu usiku kama zawadi, na usimtanie mwili wake mbele za watu. Wanaotaniwa huwa wanakula zaidi kwa kujificha, nawaona kila wiki.

Niende hospitali lini na nibebe nini?

Kama BMI ni 30 kwenda juu, au kiuno kimezidi, au kwenu kuna sukari na presha, nenda hata kama hujisikii vibaya. Kiu nyingi na kukojoa kila saa, kifua kubana, miguu kuvimba, kunenepa ghafla usoni na mgongoni, usisubiri. Omba upimwe presha, sukari, mafuta ya damu, ini, na tezi la shingo kama unachoka na kusikia baridi na choo kigumu. Beba dawa zako zote kwenye mfuko, za mitishamba pia, hatugombi. Andika ulichokula siku tatu, moja iwe ya wikiendi, na usiandike ya kunifurahisha. Na vaa nguo isiyobana tumboni, kiuno tunapimia nyuma ya pazia.